Ombi la Kumpunguzia Binti Yangu Sifa

Kwa Daktari Macaraig,
Mkurugenzi wa Taasisi ya Mpunga, San Roque.

Natumaini barua hii itakukuta umeshakula. Mimi ni Rhodora Dimaculangan, yule mama aliyeleta pancit, tambi zetu za sherehe, sufuria nzima siku mliyomuaga binti yangu Rhodalyn, kisha akalia mpaka mkapunguza muziki. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana, yatenganishe kwa hekima yako.

Nakulalamikia wewe, Daktari, kwa heshima zote. Watu wa Uholanzi walipokuuliza kama Rhodalyn anafaa, uliwaandikia kurasa mbili za sifa. Mtu mwenye huruma akiulizwa habari za mtoto wa mwenzake husema hajambo, si haba, akaishia hapo. Wewe ulimsifu mpaka wakamchukua. Matokeo yake ni haya:

1. Kwako alitafiti mpunga usiokufa kwa mafuriko. Huko wamempa viazi. Baba yake amelima mpunga maisha yake yote, na siku hizi akiulizwa binti anafanya kazi gani, anasema yuko nje, halafu anaanza kukohoa.

2. Jirani yangu Aling Ising ana binti anayelea wazee Hong Kong, na kila Krismasi anatuma sanduku la sabuni na chokoleti. Wangu alinitumia picha ya jani la kiazi lenye madoa. Nikaionyesha kwa fahari, mjinga mimi. Aling Ising akaitazama, akasema, "Doray shoga yangu, wangu hana digrii lakini mimi nanukia. Binti yako daktari amekuletea nini, ugonjwa wa majani?"

3. Nilimuuliza kwa simu kama amekula. Akasema amekula mkate na jibini. Nikamwambia sikuuliza hayo, nimeuliza kama amekula.

4. Huko ukitaka kunywa kahawa kwa jirani unaomba miadi. Mtoto wangu wa pekee anakaa na koti lake anasubiri tarehe.

Kwa hiyo naomba uwaandikie barua nyingine ya kupunguza zile sifa. Waambie wali ukiungua, yeye hulowesha sufuria na kuiacha mpaka mtu mwingine aone huruma. Waambie anaongea na mimea, na anaogopa mijusi. Yote kayarithi kwangu, ukitaka ushahidi njoo nyumbani. Ongeza kwamba mama yake ni msumbufu, humpigia simu katikati ya mkutano kumuuliza kama amevaa soksi. Hilo hawatalikana, siku moja walinisikia wote.

Kama nafasi yake hapo imeshachukuliwa, si tatizo. Mwandikie sifa nzuri na huyo aliyeichukua, aende nje yeye. Mama yake niachie mimi, nitampelekea pancit na kumfundisha namna ya kulia bila kuumwa kichwa.

Nisalimie mlinzi wa getini, mama wa kantini, madereva, na hata ile mipunga ya majaribio ambayo Rhodalyn aliipa majina. Baba yake anakusalimu pia, ingawa hajui kama naandika.

Wako katika unyenyekevu na usumbufu,
Rhodora Dimaculangan

Nyongeza: Nilikuwa nabandika stempu, Rhodalyn akapiga simu. Mkataba wake unakwisha mwezi wa sita, na bosi wake anasita kumwongezea kwa kuwa mikutanoni hasemi kitu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, labda nirudi tu nyumbani." Hilo ndilo neno nililoliombea misa kila Jumapili. Lakini Daktari, badala ya kufurahi nilimuuliza huyo bosi ni mtoto wa nani, na nani alimdanganya kwamba anayenyamaza hajui. Nikamwambia Rhodalyn asifungashe hata kitambaa. Tafadhali kama bado hujasoma yaliyo huko juu, usiyasome. Waandikie leo hii kwamba hawatapata mwingine kama yeye, hata wakimtafuta kwa taa. Sifa za kwanza uliandika kidogo mno. Mimi wa kulia nitalia mwenyewe hapa nyumbani, nimeshazoea.