Shimo la Hewa Chafu Kule Misikhu

Ndirangu alikuwa kwa kinyozi mjini Kitale, kichwa kimenyolewa nusu, redio iliposema kwamba huko ng'ambo wanaikamata hewa ya kaboni inayotoka viwandani, wanaishindilia chini ya miamba isizidi kuipasha dunia joto, na kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo. Hakungoja habari iishe. Mtu mwingine angeiwazia dunia. Yeye aliwaza ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Phelista, mjane wa Misikhu: fahali mnene aliyetengwa kwa karo ya kitinda mimba wake, aliyeitwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Ndirangu alikuwa amemtupia fahali huyo jicho siku alipopita huko akiuza dawa ya kupe isiyoua kupe. Sasa alirudi na kofia ya ujenzi, pampu ya dawa ya ng'ombe mgongoni, na sura ya mtu aliyesoma mpaka akachoka. Mhandisi, eti! Mungu atusamehe.

"Mama, hapa kwako chini kuna mwamba wa ajabu," alisema, akiupiga teke udongo wa kawaida kabisa. "Tunachimba shimo, tunapiga kaboni ndani, tunafunika. Wazungu wanakulipa kila mwezi, wewe umekaa tu."

"Nimekaa tu?"

"Umekaa tu! Ila kuna usajili. Fahali mmoja."

Phelista alimtazama fahali, kisha akamtazama mhandisi. "Si uchimbe kwanza, mwanangu? Nikishaona shimo, utamfungua kamba wewe mwenyewe."

Ndirangu alikubali upesi, moyoni akimcheka. Alienda sokoni kutafuta vibarua wa bei ya chini, akapata vijana ambao kazi yao ni kuchimba makaburi. Akawaambia futi sita, kisha akajiendea hotelini kula kuku. Hakutaja upana wala umbo. Sasa jamani, wachimba makaburi ukiwaambia futi sita, watakuchimbia nini?

Aliporudi, mikono ikimwasha kushika kamba, alikuta boma limejaa watu. Akina mama wameshika vichwa. Wazee wamevaa makoti. Katikati yao kaburi safi, pembe zimenyooka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Si ndiyo tunakuuliza," alisema Wabwile, shemeji yake Phelista. "Hapa kwetu kaburi halichimbwi bila maiti. Likishafunguka linataka mtu. Na wewe ndiye umeliagiza."

"Hilo si kaburi, mzee! Ni la kaboni!"

"Kaboni ni mtoto wa nani?"

Watu wa bodaboda walikuwa wameshaziba lango kwa pikipiki zao. Shujaa wetu, aliyekuja kuiokoa dunia, alianza kurudi kinyumenyume, pampu ikigongagonga mgongoni.

"Iko njia," Phelista alisema kwa upole. "Achinjwe fahali hapa hapa, damu iingie ndani, shimo linyamaze. Aliyeliagiza ndiye humleta."

"Saa hii nitatoa wapi fahali, mama?"

Phelista alishusha pumzi. "Mimi niko na mmoja. Lakini simuuzi rahisi, bana. Huyo ni karo."

Ndirangu hakuthubutu hata kuomba apunguziwe. Alimwaga M-Pesa yote, haikutosha, akampigia simu dada yake Wakiuru kule Kitale, akimlilia hadharani kama mtoto. Pesa zilipoingia alitupa pampu, akatupa kofia, akarukia pikipiki ya kwanza bila kuuliza nauli. Nyama hakuingoja. Aende kabisa!

Jioni, watu wakiwa wanatafuna, jirani yake Phelista aitwaye Edah alimsogelea, mfupa mkononi.

"Lakini Phelista, mimi nimezaliwa hapa. Kaburi likikosa mtu, si tunazika shina la mgomba tu? Hiyo desturi ya fahali umeitoa wapi?"

"Na yeye hiyo hewa yake aliitoa wapi?" Phelista akasema, akamega ugali.