Nakala Pekee Duniani

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimekuwa msomi. Sababu ni Herieth. Anasomea udaktari wa fasihi ya Marekani hapa Guangzhou, China, na kila Jumamosi jioni anaendesha mjadala mtandaoni: riwaya za Kimarekani na historia ya viwanda. Jana baada ya ibada alilalamika kwamba watu wamepungua, na msimamizi wake anataka kuufunga. Nikamwambia viwanda ndiyo maisha yangu. Kweli tupu! Nanunua magauni ya jumla soko la Sanyuanli mwaka wa nane huu. Alicheka vizuri mno. Ernest wa kargo akadakia kwamba naye anapenda vitabu. Ernest ana digrii ya ualimu na huitaja hata akiagiza wali.

Nimejiunga kwa jina la Dkt. Cornel. Sikuelewa hata nusu ya wanachobishania. Ernest tayari kaandika aya tatu. Basi nikafanya tunavyofanya sokoni: weka picha ya mzigo kwanza, mteja akiagiza ndipo uutafute. Nikatangaza kwamba ninayo riwaya ya kale ya wasichana wa kiwanda cha pamba huko Marekani, Binti wa Mtambo, nakala pekee iliyobaki duniani. Nikalala kwa amani.

Jumatano, 15 Oktoba

Balaa. Wameagiza! Profesa mmoja wa Ohio anasema ameitafuta riwaya hiyo miaka mingi. (Kaitafutaje? Haipo!) Herieth amenipa kikao kizima cha Jumamosi. Msimamizi wake atahudhuria. Alinipigia kunishukuru. Ernest kaandika kwamba anasubiri kwa hamu. Mnafiki.

Wafanyabiashara wenzangu wote wako Pazhou kwenye maonyesho ya biashara. Mimi nazunguka vichochoro vya barabara ya Huanshi Zhonglu nikitafuta kitabu kisichopo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Laoban, yaani bosi, wa duka la uchapaji hakushangaa hata kidogo. Kurasa za njano? Zipo. Jalada lililochakaa? Lipo. Matundu ya wadudu? Nichague ukubwa. Tatizo moja tu: oda ya chini ni nakala mia mbili. Nikamweleza kwamba hii ni nakala pekee duniani. Akasema sawa, nakala pekee, mia mbili. Nikajifanya naondoka ili aniite. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe.

Na maneno ya ndani? Akasema anayo ya Kiingereza, mengi, yanahusu mtambo. Mungu ni mwema!

Jumamosi, 18 Oktoba

Sikukagua mzigo. Miaka minane sokoni, sikukagua mzigo!

Nilivaa tai. Maboksi ya nakala zilizobaki, nyuma yangu, nikayafunika kwa shuka. Mambo yakaenda vizuri hadi Herieth aliponiomba nisome ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza unaonya kwamba kabla ya kuwasha cherehani uhakikishe mikono yako ni mikavu. Nikausoma kwa huzuni, kama wosia. Wa pili unakataza kutia mafuta mota ikizunguka. Profesa wa Ohio akauliza kwa upole kama waandishi wa zama zile walikuwa wakitoa waranti ya mwaka mmoja. Ndipo shuka likaanguka, wote wakaona nakala pekee duniani zimepangwa hadi dirishani.

Ernest alicheka hadi akakohoa. Msimamizi akatoka bila kuaga. Herieth akawaomba radhi, akasema kosa ni lake, yeye ndiye hakuhakiki. Lake! Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda ibadani. Mchana hodi, ni Herieth, macho mekundu. Nilijua amekuja kunitukana kwangu mwenyewe. Kumbe amepewa nafasi ya mwisho: Jumamosi ijayo ukitokea mzaha mwingine, mjadala unafungwa na yeye anapoteza kazi ya mwaka mzima. Akakaa juu ya boksi la Binti wa Mtambo, maana hapakuwa na pengine pa kukaa.

"Kaka Cornel, ungeniambia tu kwamba hujasoma," akasema. "Ningekuazima kitabu."

Na akaniazima. Riwaya ya kweli, ya wajenzi wa reli. Nisome ninapoweza, halafu Jumamosi niulize swali moja la dhati. Basi. Nikaapa. Alipoondoka nililia kidogo, sioni haya kuandika.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimefika ukurasa wa kumi na moja. Reli bado haijaanza kujengwa. Lakini swali ninalo! Kwa nini yule baba haongei na mtoto wake tangu mkewe afariki? Limenikaa moyoni siku nzima. Nadhani Herieth atalipenda.

Jioni nikachungulia mtandaoni. Ernest kauliza kuhusu sura ya tisa. Ya tisa! Herieth kamjibu kwa vijipicha vitatu vya maua.

Kabla akili haijafika, mkono ulishaandika: sura hiyo ilichakachuliwa, mimi ninalo toleo la mwanzo kabisa, lenye mwisho tofauti. Profesa wa Ohio ameomba nilionyeshe Jumamosi.

Nimetoka kwa laoban sasa hivi. Oda ya chini imepanda, eti mia tatu. Safari hii sikubali kuonewa. Nimemkomalia mpaka akashuka hadi mia mbili na hamsini.