Malalamiko Kuhusu Mchumaji Aliye Ndani ya Kompyuta Zenu

Rebeccah Chepkemboi,
Mchumaji wa zamani,
Kericho.

Kwa Bwana Kinyua, Mkuu wa Kompyuta,

MINTARAFU: MCHUMAJI ASIYEFAA

Pokea salamu zangu, pamoja na pongezi kwa kuzivisha kompyuta zote za ofisi rangi ya kijani. Picha ya mashamba kwenye skrini, mafaili yenye umbo la makapu, mshale wa jani: kazi safi. Shida yangu ni yule mama mdogo anayetokea kompyuta inapofikiri, akichuma chai mpaka mambo yafunguke.

Namjua vizuri. Tangu mashine zituondoe shambani, nimekuja mara tano kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba nilichuma chai hapa miaka kumi na tisa. Chama cha akina mama kule Sigowet kinataka niwafundishe kuchuma, lakini nisipoleta barua kabla ya mwisho wa mwezi, kazi itaenda kwa mwingine. Kila nikija, Fancy wa masijala hubonyeza, mama hutokea, na Fancy huniambia, "Mama, ngoja tu kidogo, bado inaload." Nimengoja kwa adabu. Sasa nalalamika, kwa adabu vilevile:

1. Hajui kuchuma. Anakwapua majani manne pamoja na kikonyo. Sisi tulifundishwa majani mawili na chipukizi, na ukizidisha, msimamizi Muriuki alilimwaga kapu lako mbele ya watu. Huyu alipewa mtihani na nani?

2. Amevaa viatu vyeupe, na hana aproni ya plastiki. Yuko kwenye chai ya asubuhi yenye umande hadi kiunoni, na sketi yake ni kavu. Hongera zake.

3. Kapu likijaa linajimwaga lenyewe, anaanza upya. Jumanne nilihesabu makapu sitini na moja kabla Fancy hajaenda kula. Halikupimwa hata moja. Chai hiyo yote inaenda wapi, Bwana Kinyua? Mtu mwingine angeuliza kwa sauti.

4. Anatabasamu. Tuliambiwa kazi ya mikono imekwisha. Kumbe imekwisha kwa wenye migongo inayouma.

5. Kitambaa chake cha kichwani, cha manjano chenye maua mekundu, ni changu. Ulitupiga picha siku ya kuagwa, ukasema ni za kumbukumbu. Pua pia ni yangu. Sasa nimeelewa kwa nini barua haitoki: kampuni itathibitishaje kwamba nimeondoka, na bado naonekana kazini? Basi naomba likizo yangu, gambuti, na mapumziko ya saa nne asubuhi, maana sijaketi tangu Machi mliponiweka kwenye skrini. Au mwondoeni huyo mama, kompyuta imalize, nipewe barua niende zangu. Nimeumia, Bwana Kinyua. Ni vibaya kumngoja mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nisalimie Fancy, Muriuki, askari wa geti, na mashine zote, hasa ile iliyochukua mistari yangu ya chai.

Ni mimi, ninayengoja bila fujo,
Rebeccah Chepkemboi

T.B. Nimefika getini, Fancy akanikimbilia kuniambia kwamba nikilalamika mtamfuta huyo mama na kuweka picha ya mashine. Kama ni hivyo, barua hii sikuiandika. Mwacheni achume, hata na kikonyo. Tulikuwa wanawake mia mbili, na amebaki yeye. Kazi ya Sigowet na iende. Mimi nitangoja.