Mng'ao wa Gari la Bibi Harusi

Jumapili, 7 Desemba

Kamati ya harusi imekaa sebuleni kwangu, imekunywa chai yangu, kisha imenipokonya binti. Winrose anaolewa Jumamosi na kijana wa Malava. Hilo nilishalikubali. Lakini Mwalimu Wanzala, mwenyekiti wa kamati, ametangaza kwa sauti ya darasani kwamba bibi harusi atapanda gari la shemeji Osundwa. Jeupe. La juzi juzi. Limetoka Matungu hadi hapa Shinyalu bila tone la tope, sijui lilipita wapi.

Nikauliza, na langu je? Mke wangu Priscah akaangalia dari. Osundwa, ambaye ni kaka yake, akasema kwa upole kwamba gari langu ni zuri sana kwa kubeba masufuria.

Ni kweli limepauka. Nililinunua likiwa jekundu la kuiva, na sasa boneti imefanana na bati la jikoni. Lakini ni katika kiti cha nyuma cha gari hilo Winrose alijifunza kusoma, akitamka mabango ya barabarani moja moja hadi Kakamega mjini. Nataka kumpeleka kanisani mimi mwenyewe. Nataka nimwone kwenye kioo cha ndani akiwa na shela. Sitaki raha hiyo apewe Osundwa, mkulima wa miwa.

Nimembembeleza Mwalimu. Amekubali kamati ilikague gari langu Jumatano kabla ya kukata shauri. Baada ya wote kuondoka nimekaa barazani nikiliangalia. Mawingu yalikuwa yakipita polepole kuelekea msituni. Nikawaza kwamba kabla ya wiki kwisha yatapita kwenye boneti yangu. Nikaona vizuri kabisa wingu moja dogo likitoka taa ya kushoto na kuishia taa ya kulia. Priscah akaniita kula na sikusikia.

Jumatatu, 8 Desemba

Mjini asubuhi. Nimenunua polishi ya mkebe. Juu yake kuna picha ya mwanamke akicheka kando ya gari bila sababu yoyote. Maelezo yameandikwa kwa lugha ya kwao huko ilikotoka, lakini chini kuna michoro, na mimi si mtu wa kushindwa na michoro. Jua, halafu mstari uliopita katikati ya jua. Wazi. Mstari ni mwale. Polishi inataka jua kali.

Nimengoja saa sita kamili. Nimepaka gari zima, kwa ukarimu. Halafu nikaingia ndani kula obusuma, ugali wetu, na mboga, nikajinyoosha kidogo kwenye kochi. Nikaota tunateremka kuelekea mjini, Winrose nyuma, shela limejaa gari lote kama povu, na barabara yenyewe inajikunjua mbele yetu bila shimo hata moja. Askari wa barabarani alivua kofia.

Nikaamka. Polishi ilikuwa imekauka, ngumu kuliko ukoko wa sufuria. Gari zima jeupe. Nikaikwaruza kwa kucha, kucha ikakatika.

Priscah alitoka, akalizunguka gari, akasema angalau sasa limefanana na la Osundwa.

Jumanne, 9 Desemba

Kukwangua kutwa. Mgongo wote unauma. Nimetumia maji moto, maganda ya ndizi, na kijiko cha mbao cha Priscah, ambacho hakijui kwamba kimestaafu upishi. Chini ya ukoko rangi ni ileile ya zamani, ila sasa ina mabaka.

Ushindi mmoja: taa. Nilisikia zamani kwamba dawa ya meno husafisha vioo vya taa, na kumbe ni kweli. Zilikuwa za manjano, sasa naona balbu ndani. Dawa yote ya nyumbani imekwisha. Winrose amepiga mswaki kwa chumvi bila kulalamika, kisha amekuja kukaa kando yangu kwenye ngazi na kuniuliza kama tunaweza kuongea kidogo. Nimemwambia nipo kwenye taa ya kulia, angoje. Alikaa kitambo akiangalia mkono wangu ukizunguka, ukizunguka. Jioni ilikuwa nzuri sana. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaingia ndani.

Jumatano, 10 Desemba

Siku ya ukaguzi. Niliamka na wazo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu kitandani. Gari langu ni jekundu. Sakafu ya kanisa letu ni nyekundu na inang'aa kila Jumapili hadi watoto wanateleza. Inapakwa nini? Polishi nyekundu ya sakafu, na Priscah ndiye anayetunza mkebe wake.

Ilizama kwenye ile rangi kuukuu kama maziwa kwenye chai. Nilisugua kwa brashi ya sakafu, nikiikanyaga kwa mguu kama wanavyofanya akina mama kanisani, ila boneti haikanyagiki hivyo na nimeibonyeza kidogo. Si kitu. Kufikia saa nane gari lilikuwa jekundu la kutisha. Jekundu lililopotea, limerudi. Nilikaribia kulia.

Kamati ikafika. Mwalimu Wanzala alilizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni. Osundwa alikuwa amevaa suruali ya rangi ya krimu, ile ya kuonyesha kwamba hajawahi kukata muwa kwa mkono wake. Alikunja uso. Akasema amekubali, shemeji, gari limeamka. Halafu, kwa sababu hawezi kusimama wima mahali popote, akaegemea mlango.

Alipojitenga, mlango ulikuja naye. Yaani rangi yake. Makalio mawili mekundu, makubwa, yaliyochorwa vizuri. Winrose alicheka hadi akashika ukuta. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeongea na mwanafunzi wa nyuma, gauni la harusi lina rangi gani.

Gari la Osundwa limepitishwa. Nimeomba rufaa. Wamenipa hadi Ijumaa, nadhani kwa huruma, au ili waweze kwenda kumtafutia Osundwa suruali.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimelala nikiwaza nta. Si ya mkebe. Nta yenyewe, ya nyuki, kutoka msitu wetu huu. Kitu kilichotengenezwa kwa subira ndani ya mti mweusi ambapo hakuna mtu. Nilipoinunua sokoni niliinusa njia nzima hadi nyumbani, na nikapitiliza lango langu mwenyewe.

Kwanza kuondoa wekundu: sabuni ya unga, mafuta ya taa, matambara. Mikono yangu imekuwa ya mchinjaji. Halafu nta. Nimeiyeyusha jikoni Priscah akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikaitoa motoni, nikachanganya na tapentaini ya mafundi rangi, nikaiacha ipoe. Imekuwa laini, rangi ya asali hafifu. Nimepaka kidogo kwenye mlango, kivulini safari hii, nikangoja, nikasugua kwa fulana yangu ya zamani.

Nilijiona. Si kivuli. Mimi, na sharubu zangu, na mgomba nyuma yangu, na kuku akipita nyuma ya mgomba. Nikakaa chini kwenye nyasi. Nadhani nilikaa muda mrefu. Nilimpungia yule mtu mkono na akanipungia.

Usiku ingokho, kuku wa wageni, ilikuwa na ladha ya ajabu. Priscah ameuliza sufuria yake ilitumika kwa kazi gani. Nimesema sijui.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri, watu wamepumzika. Mimi nimesugua. Mlango kwa mlango, paa, boneti, buti. Winrose alikuja tena akasema kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho kulala hapa nyumbani. Nikamwambia ndiyo maana naharakisha.

Kufikia alasiri sikuwa tena na gari. Nilikuwa na kipande cha mbingu chenye magurudumu manne. Mawingu yakaja, kama nilivyoyaona Jumapili, na lile dogo likapita kutoka taa ya kushoto hadi ya kulia bila haraka. Majirani walikuja kujitazama. Mwalimu Wanzala aliufuta mlango kwa leso nyeupe, akaikagua leso, nayo ilikuwa bado nyeupe. Akarekebisha tai yake kwenye boneti yangu. Akatangaza kwamba kamati imebadili msimamo: gari la baba litabeba bibi harusi, la Osundwa litabeba masufuria.

Masufuria. Nimelirudia neno hilo mara kadhaa jioni hii. Osundwa amenipa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Nimeliegesha nje ya lango, kando ya barabara, ili kila apitaye alione. Priscah amesema nilirudishe ndani, kwa sababu kesho ni Jumamosi na asubuhi jirani yetu Protus atapita hapa na fahali wake akimpeleka uwanjani kupigana. Nimemjibu kwamba mafahali wa Shinyalu wameona magari tangu wakiwa ndama.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika nikiwa bado nimevaa tai.

Asubuhi ya ukungu mwembamba. Utepe mweupe kwenye boneti. Kwa mbali isukuti ikalia, nikajiambia ni dalili njema, ngoma zinakuja zenyewe bila kukodiwa. Ukatokea umati na matawi, wanakimbia kama kawaida, Protus mbele akipuliza filimbi, na katikati yao Tingatinga, fahali wake, ambaye kwa muda mrefu amefungiwa peke yake asione dume mwingine hadi siku ya pambano. Hivyo ndivyo wanavyoandaliwa huku kwetu. Hata mtoto anajua.

Tingatinga akafika kwenye gari langu na kumkuta dume mwingine.

Alisimama. Yule wa mlangoni naye akasimama. Aliinamisha pembe, na yule wa mlangoni, kwa utovu wa adabu, akainamisha zake. Protus alipiga kelele. Nikapiga kelele na mimi, lakini nakiri kwamba sehemu ya moyo wangu ilikuwa inatazama jinsi pembe zilivyoonekana vizuri kwenye nta, hadi ncha.

Ule upande wa kushoto haupo tena, kwa maana ya mlango. Kioo kimemwagika barabarani. Aliporudi kuangalia kama adui bado yupo na kukuta bati lililokunjamana, Tingatinga alinguruma, akakojoa, akaondoka ameshinda. Watu walimshangilia.

Nilikaa chini vumbini na suti yangu. Sikutaka kuonekana nikilia lakini nililia. Osundwa, kwa heshima kubwa, alianza kutoa masufuria kwenye gari lake.

Winrose akatoka nje na gauni lake. Alilitazama gari. Alinitazama mimi. Mwalimu Wanzala akaanza kueleza uamuzi mpya wa kamati, na kabla hajafika kwenye nukta, Winrose alikuwa ameshapitia mlango wa kulia, amekunja gauni lake lote magotini, ameketi. Akasema, baba, twende.

Tulienda. Protus kwa aibu alirudi na wapigaji wake wa isukuti, wakatutangulia hadi lami. Tulikwenda mwendo wa miguu. Upepo uliingia kwa pale palipokuwa na kioo na kulipeperusha shela, nami nikalitazama kwenye kioo cha ndani, na ulimwengu wote ulikuwa mweupe na wa taratibu, na ngoma zilikuwa mahali fulani mbele ya ndoto. Winrose aliinama akaniambia jambo sikioni. Wakati huohuo mama mmoja kando ya njia akasema jamani, tazameni upande ule wa kulia unavyong'aa, kwa hiyo sikumsikia Winrose vizuri.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepumzika. Nimefikiri.

Yule fahali hakuwa na ubaya. Ndiye mkaguzi pekee wa wiki nzima ambaye hakupendelea mtu. Nta ni bora mno, hilo tu. Kosa lilikuwa kutolipaka tabaka la pili, ambalo lingetuliza mng'ao. Upande wa kulia utapata matabaka mawili. Upande wa kushoto fundi akiunyoosha, utapata matatu.

Winrose amepiga simu kutoka Malava. Sauti yake inasikika karibu sana. Amesema yale aliyoniambia garini ni kwamba tangu Jumapili ile alikuwa amewaambia kamati atapanda gari la baba yake, hata likiwa na vumbi, ila hakuna aliyemsikiliza, na kila alipokuja kuniambia mimi nilikuwa nasugua. Mtoto mwema. Anaona haya kukiri alivyoupenda mng'ao.

Amesema pia kwamba Jumapili anakuja kututembelea mara ya kwanza akiwa mke wa mtu. Ameomba niende mimi kumchukua huko Malava na gari, sisi wawili tu, tuongee njiani kama zamani.

Nimemwambia haiwezekani. Jumapili tabaka la pili litakuwa bado halijakauka. Nimeshampigia shemeji Osundwa, na amekubali kwenda kumleta.