Kisanduku Cheusi na Birika Langu

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Nimefika kazini nimechelewa dakika thelathini na tano. Mashine ya vidole pale getini imeandika, haina huruma. Wiki mbaya ya kuchelewa. Ijumaa meneja, Mama Maximiliana, anatangaza mkuu mpya wa mtandao wa kompyuta wa kiwanda cha pamba: mimi au mwenzangu Joyness. Shida ni kwamba baba mkwe, Mzee Mayala, nilishamwambia nimepata. Kijiji chake kizima cha Mkula kinajua. Jumamosi anakuja Bariadi na jogoo kunipongeza.
Siwezi kukaa. Nimezunguka chumba cha mitambo mara tisa. Nikaamua kuchemsha chai. Soketi zimejaa, nikachomoa kisanduku cheusi chenye taa moja ya kijani. Mwezi uliopita Joyness alinieleza kazi ya kisanduku hicho, lakini nilikuwa nasikiliza mpira. Chai imetoka vizuri.

Jumanne, 16 Septemba
Umeme umekatika asubuhi kote, Bariadi mpaka Lamadi. Uliporudi, swichi zetu zote, hivi visanduku vinavyounganisha kompyuta, zikaamka zikiamini ni mwaka 1993. Mashine za vidole huchukua saa kutoka kwenye swichi. Mama Maximiliana akaniita, akauliza imekuwaje Masunga dereva, aliyezaliwa 1998, ameripoti kazini miaka mitano kabla ya kuzaliwa. Nikasema ni virusi. Akasema anataka saa sahihi kesho, na kwamba hiyo itamsaidia kuamua Ijumaa.
Nimezima swichi na kuziwasha. Nimezipuliza vumbi. 1993.
Joyness yuko tawi letu la Nyashimo anavuta nyaya. Kapiga simu, akasema nianze na kisanduku cha saa, swichi zote hukiuliza saa. Nikamjibu nimeshakikagua. Sikumuuliza kikoje. Mkuu mtarajiwa haulizi maswali ya namna hiyo. Nimekunywa vikombe vinne vya chai nikiwaza.

Jumatano, 17 Septemba
Nimepata akili: nitaweka saa kwa mkono! Joyness kaniwekea ya Nyashimo, kwa kunung'unika. Ghala la Lamadi nimempigia Maduhu, karani wa mizani. Akanisalimia mwangaluka, akauliza habari za nyumbani, za mke, za mvua. Nikamwelekeza pa kubonyeza na kumwambia aandike saa aliyonayo. Akasema hapo kwake ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akaandika 03:20. Kijana msikivu sana huyu.
Ya Bariadi nimeweka mwenyewe, nikairudisha nyuma dakika arobaini. Sioni ubaya. Anayeshika saa ya kiwanda kizima ana haki ya kulala kidogo.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimeamka taratibu, nimekunywa uji, nimefika. Mashine inasema nimewahi. Kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha.
Mama Maximiliana kaniita tena. Nikaenda nikijiandaa kutaja virusi tena. Kumbe anatabasamu. Ripoti ya Lamadi inaonyesha wapakiaji wote kumi na wanne walifika kazini saa saba usiku. Hajawahi kuona juhudi kama hiyo tangu msimu wa pamba uanze. Akauliza siri ni nini. Nikasema nimekuwa nikizungumza nao kuhusu nidhamu. Akaandika kwenye daftari lake! Nikatoka nikampigia baba mkwe nikamwambia jogoo asiwe mdogo.
Saa kumi jioni, kelele getini. Mashine inakataa watu kutoka, inadai muda bado. Akina mama wanaochambua pamba wakatazama kivuli cha ukuta, wakasema kivuli hakijawahi kuwadanganya, mashine ndiyo inawaibia. Watoto wanawasubiri nyumbani. Dada mmoja, Minza, akasema atakaa chini palepale mpaka meneja atoke. Meneja akatoka. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama mashine, akanitazama mimi.
Baadaye akampigia Maduhu ampongeze. Maduhu akasema saa saba usiku alikuwa amelala, na mke wake ni shahidi.

Ijumaa, 19 Septemba
Joyness karudi. Hakukaa hata chini. Kafuata waya mmoja ukutani, kafika kwenye birika langu, kaligusa, likiwa bado la moto. Kachomeka kisanduku cheusi. Taa ya kijani ikawaka na baada ya muda mfupi Bariadi, Nyashimo na Lamadi zote zikaonyesha saa ileile. Kuchomeka plagi, na watu wakapiga makofi. Hata mimi naweza.
Joyness ndiye mkuu. Mimi nimepewa barua ya onyo na kazi ya kufuta vumbi kwenye chumba cha mitambo. Plagi ya kisanduku kaibandika karatasi: JOSIA USICHOMOE. Ameandika na jina. Nimeumia kweli. Nimeshindwa kumpigia baba mkwe. Nimeshika simu mara sita, nikaiweka.

Jumamosi, 20 Septemba
Baba mkwe kafika kiwandani saa tatu na jogoo mwekundu, mkubwa kama nilivyoagiza. Kavaa koti. Nilitaka kumwambia ukweli pale getini, lakini alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema sasa binti yake yuko salama. Nikampeleka chumba cha mitambo, nikasema hii ndiyo ofisi yangu. Akavua kofia.
Mgeni wa heshima hakai bila chai. Karatasi ya Joyness nimeiheshimu, mimi si mkaidi. Nikachomoa plagi ya pembeni yake, kubwa zaidi, isiyo na karatasi yoyote. Taa zote za mitambo ukutani zikazimika kwa pamoja na chumba kikawa kimya kabisa. Baba mkwe akauliza zimekuwaje. Nikamwambia siku ya mgeni huwa nazipumzisha.
Joyness amepiga simu mara tatu. Wakuu wapya wana papara. Nitapokea chai ikichemka.