Malalamiko Kuhusu Mkanda wa Kushoto Uliojisokota Wenyewe

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Viti vya Watoto vya Gari.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikikukuta umekaa basi uendelee kukaa, maana utahitaji. Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii nimeifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeshona suti za maharusi, sare za shule nzima, na mapazia ya ukumbi ambayo mpaka leo yanafunguka na kufungika. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kubabaishwa na kipande cha utepe.

Miezi minne iliyopita nilinunua kiti chenu kwa ajili ya mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka mitatu, ambaye nyumbani sote tunamwita Bosi. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nikimchukua kwa gari langu kwenda kununua uzi na vifungo. Yeye anachagua rangi, mimi natii. Sasa ni wiki ya tatu tangu mkanda wa bega la kushoto ujisokote. Binti yangu, mama yake Bosi, aliutazama mara moja tu, akasema mkanda uliojisokota haumshiki mtoto sawasawa gari likifunga breki, na mpaka ulale bapa, Bosi hapandi gari langu. Hapo yuko sahihi, sibishani naye. Ugomvi wangu ni na ninyi, na ni huu:

1. Mkanda ulijisokota wenyewe. Nimewahoji wote wanaokigusa kiti hicho, yaani mimi na Bosi. Bosi amekana. Mimi nimekana. Amebaki mkanda.

2. Nimejaribu kila njia. Nimeusukuma msokoto kwenda juu, ukakwama kwenye tundu la mgongoni mwa kiti. Nimeusukuma chini, ukajibana kwenye kile kichuma kinachochomekwa kifungioni. Nikauzungusha kulia, ikawa misokoto miwili. Nilikibeba kiti mpaka dukani nikakiweka juu ya meza ya kukatia, na wateja wakaacha kuulizia nguo zao wakaanza kunipa ushauri. Mmoja alisema nizungushe kiti badala ya mkanda. Nilikizungusha. Sitaki kulizungumzia hilo.

3. Pasi ya kuunyooshea mkanda ilikuwa imeshapata moto binti yangu alipoingia. Aliichomoa kwenye umeme bila hata kunipa shikamoo. Kisha akauona mkasi mkononi mwangu, kwa kuwa mpango wangu wa pili ulikuwa kuukata mkanda na kuushona upya, mshono mara tatu, kazi ya uhakika. Akanieleza mbele ya wateja kwamba mkanda wa kiti hicho ukishakatwa au kuunguzwa, kiti ni cha kutupa, hata kama aliyeushona ni baba yake mzazi. Nilipofungua kitabu chenu cha maelezo nikakuta kimeandika vivyo hivyo. Yaani mmempa binti yangu ushahidi wa maandishi dhidi yangu! Niliwakosea nini?

4. Hili ndilo linaloniuma. Jumamosi zangu zimehamishiwa kwa babu wa upande wa pili, baba wa mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mwalimu ana kiti kama changu, cha kiwanda hiki hiki, rangi ile ile, na mikanda yake imenyooka kama rula. Mtu asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano! Juzi Jumamosi walipita mbele ya duka langu. Bosi akanipungia mkono dirishani, na Mwalimu akapiga honi mara mbili. Moja ingetosha. Nilibaki nakaza vifungo vya koti ambavyo havikuwa vimelegea. Nimemkumbuka sana mtoto yule, Mheshimiwa, na sioni haya kukuandikia hivyo. Uzi wa kijani nimeununua peke yangu, na si kijani ambacho yeye angekubali.

5. Kwa hiyo naomba kiwanda kiache mara moja kutengeneza mikanda bapa. Kitu bapa kina pande mbili, na chenye pande mbili lazima siku moja kipinduke. Tengenezeni mikanda ya mviringo kama kamba. Kamba ikijisokota, nani atajua?

6. Ikiwa hilo ni zito, basi nataka usawa. Tumeni mtaalamu wenu nyumbani kwa Mwalimu, wakati wa usingizi wake wa mchana, akausokote mkanda wake. Mmoja tu. Wa kushoto. Bosi atakosa pa kupanda kwa pande zote mbili, na familia yetu itarudi kwenye amani.

7. Na ikiwa hilo nalo mtalionea haya, njoo wewe mwenyewe, Meneja. Utaketi kwenye kiti hicho, binti yangu atakufunga mikanda, nawe utamweleza ukiwa humo humo kwamba baba yake hana kosa. Ukiweza kutoka, kiti nitakirudisha kwenu bila malalamiko zaidi.

Nisalimie wafanyakazi wote, hasa wa kitengo cha kushona. Waambie mishono yao nimeikagua nje na ndani, tena mara nyingi, ni safi, na sina kinyongo nao. Msalimie na mlinzi wa getini, na nyumbani kwako pia.

Wako nisiye na Jumamosi,
Fundi Cherehani
(Babu yake Bosi, upande wa mama)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mara wakaingia dukani Mwalimu, binti yangu na Bosi. Mwalimu alikishika kile kichuma, akakisogeza mpaka kwenye msokoto, akaukunja mkanda pale pale umbo la pembetatu, akakipitisha kichuma juu ya mkunjo, na mkanda ukalala bapa. Dakika haikuisha. Kisha kiti kikawekwa sakafuni, nikaambiwa nimfunge Bosi waone. Nikamfunga. Bosi akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba Babu kaupindua tena. Inavyoonekana, kila ninapoushika mkanda ule huugeuza kwanza nikautazama mshono kwa upande wa ndani, kama nifanyavyo kwa kila kitambaa tangu ujana wangu, halafu nauchomeka hivyo hivyo. Kwa hiyo yafuteni malalamiko yote. Jumamosi zangu nimerudishiwa, kwa sharti kwamba Mwalimu afuatane nasi, na yeye ndiye amfunge Bosi. Jumamosi ya kwanza tumeshakwenda na kurudi. Mwalimu alikaa mbele, akanieleza mito yote mikubwa ya dunia, kutoka chanzo mpaka baharini. Je, mnatengeneza kiti cha mtu mzima, cha kukaa nyuma kabisa, kwa kilo themanini na tano? Mkanda wake hata ukijisokota si neno.