Nimepeleka Isale kwa Mzee wa Viboksi

Jamani, leo nimejiumbua mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Mnajua nacheza drafti kwenye simu. Jina langu humo nimeliremba: herufi zina vikofia, nyingine mikia (ujana, msinihukumu). Jana gemu ikajisasisha yenyewe. Kufungua, kila aliyeremba jina kageuka viboksi. Viboksi vitupu! Kwenye chati ni viboksi vinasalimiana na viboksi.

Viboksi fulani vikaniomba mechi. Nikajua ni Eli, rafiki yangu wa mtaa wa Pasua, maana jina lake lina madoido kuliko langu. Akanifunga. Akanifunga tena. Nikapandwa na hasira, nikaandika: "Umebahatisha, ng'ombe mzee wewe! Kaa bandani ukatiwe majani!" (Mimi na Eli ndivyo tunavyosalimiana.) Akatoka kwenye gemu. Nikashangaa kidogo, nikala ndizi zangu.

Leo asubuhi Neema kanipigia simu. Neema ni mchumba wangu, na Jumamosi wazee wetu wanapanda Marangu kupeleka posa kwao.

"Baba hajagusa hata chai," akasema. "Kuna mtu kwenye drafti kamwambia akae bandani akatiwe majani."

"Baba yako anacheza drafti? Ya simu?"

"Si nilimwekea mimi! Na jina nikamrembea, lionekane la kijana."

Nikamuaga haraka. Neema sikumwambia kitu. Nilichowaza ni Jumamosi tu: wazee wangu wamevaa makoti, na mimi nimeshamwita mkwe ng'ombe.

Sasa, kwetu Uchagani, ukimpelekea uliyemkosea jani la isale, hakatai kusamehe. Nikachuma moja kwenye ua wa mama hapa mtaani kwetu Soweto, nikalifunga fundo, nikapanda gari mpaka Himo, halafu bodaboda mpaka kwao. Njia nzima nimelishika kama yai. Abiria wananiangalia.

Mzee nimemkuta anakatia ng'ombe wake majani (ndiyo, majani).

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona na isale? Umemkosea nani?"

Nikapiga magoti kwenye matope. "Wewe, baba. Yale maneno ya bandani ni yangu. Nilidhani nacheza na Eli."

Akanitazama. Akatazama jani. Akanitazama tena.

"Kumbe ni wewe?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kwani alidhani ni nani? Akavaa miwani, akatoa simu, akanionyesha. Tusi langu lipo pale pale, na juu yake, penye jina langu, viboksi! Mzee hakuwa anajua. Asingejua milele! Nimetoka Soweto mpaka mlimani kujishtaki kwa mtu ambaye hakuwa na habari na mimi.

"Mimi nilijua ni mdogo wangu," akasema. "Ndiyo maneno yake hayo. Asubuhi kaja kuazima panga, nimemnyima."

Akageuka, akapaza sauti kuvuka mfereji: "Wee! Njoo uchukue panga! Aliyenitukana ni mkwe!"

Mdogo mtu akaja. Jirani akaja. Neema akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanikuta matopeni na jani langu. Akanitazama, akarudi jikoni. Jamani, bora angenichapa na huo mwiko.

Mzee akalipokea isale. "Nimekusamehe, mila ni mila," akasema. "Ila posa ni jambo lingine. Inuka, ukae kwenye benchi. Nataka tucheze ana kwa ana, nimjue ng'ombe ni nani."

Ameingia ndani kuchukua ubao wa drafti na visoda vya kuchezea. Ndiyo nawaandikia haraka haraka, magoti bado yana matope. Nikimshinda, nimemtukana mara ya pili. Nikishindwa, wa kukatiwa majani ni mimi. Nishaurini, namsikia anatoka! Kucheka mtacheka baada ya Jumamosi, kama hiyo Jumamosi bado ipo.